Je, niwaache wanangu na walezi wa melini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10, na kitindamimba wa miaka minne ambaye ana mzio wa karanga. Mume wangu ameshalipia safari ya usiku saba kwa meli ya kitalii, na sababu kubwa iliyomfanya aichague meli hiyo ni kwamba ina programu ya watoto inayosimamiwa na walezi tangu asubuhi hadi usiku, ili nasi wawili tupate kula na kuzungumza bila mtu kutuvuta nguo. Ningependa kufurahi kama anavyofurahi yeye, lakini mwaka jana kuna jambo lilitokea, na hadi leo halijanitoka moyoni.

Tulikuwa katika meli nyingine, ya kampuni nyingine. Mvulana wetu, wakati huo akiwa na miaka tisa, tulimwacha kwenye chumba cha watoto baada ya chakula cha jioni. Nilikuwa nikienda kuchukua sweta chumbani mwetu nilipomkuta mbele ya lifti, sitaha mbili chini ya mahali tulipomwacha, amevaa taji la karatasi alilolitengeneza mwenyewe, na bwana mmoja nisiyemjua, abiria mwenzetu, akimwonyesha kitufe cha kubonyeza. Yule bwana alinisalimu kwa adabu akaenda zake. Mwanangu alikuwa amechoka na michezo, akaamua kutufuata, akapotea njia. Nilipanda juu nikiwa natetemeka, na mlezi aliyekuwa mlangoni akaniambia kwa upole kwamba mtoto ana ruhusa ya kutoka mwenyewe. Nilipobisha, alinigeuzia skrini ya kompyuta yake nikasoma. Mume wangu ndiye aliyeweka alama kwenye kisanduku cha ruhusa siku alipojaza fomu kwenye intaneti, miezi miwili kabla ya safari. Alidhani kisanduku kile kinahusu ruhusa ya kupigwa picha.

Mume wangu anasema mtoto alipatikana salama, meli ni kitu kilichofungwa, hakuna mahali ambapo angeweza kwenda, na kwamba nikiendelea hivi nitalea watoto waoga. Mama mkwe naye anasema mama anayewaachia wageni wanawe katikati ya bahari hakustahili kuzaa. Mimi nimebanwa katikati yao. Na binti yetu ameshaanza kuuliza kuhusu klabu ya vijana, ambayo amesikia kwamba hufungwa saa saba usiku.

Je, niwaache? Na nikiwaacha, niulize nini, na nimwamini nani?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na lile taji la karatasi, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imo humo. Mlezi wa mlangoni hakuvunja utaratibu. Alifuata kile ambacho mumeo alikiidhinisha. Hata hivyo siwaachilii wenye chumba kile wasiwe na lawama yoyote. Ruhusa nzito kama hiyo haifai kutolewa kwa alama moja tu, miezi miwili kabla ya safari, katikati ya maswali ya picha na chakula. Mlezi mwenye busara angemwuliza mzazi kwa mdomo siku ya kwanza kama kweli anataka mtoto wake azunguke melini peke yake.

Ni vizuri ujue kwamba ruhusa hiyo ni jambo la kawaida katika meli nyingi. Chumba cha watoto kwa kawaida hupokea watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 11 au 12, wakigawanywa kwa umri. Wadogo hawatoki mpaka waje kuchukuliwa na mtu mzima ambaye jina lake limeandikishwa. Lakini wakifika miaka 8, 9 au 10, kutegemea kampuni, mzazi anaweza kuwaruhusu wajiandikishe kuingia na kutoka wenyewe. Mtoto wako wa miaka 10 yumo katika kundi hilo, na ushauri wangu ni kwamba usimpe ruhusa hiyo safari hii, hata kama wenzake wote wanayo na hata kama atanuna siku mbili.

Mumeo anasema meli ni kitu kilichofungwa. Ni kweli kwamba mtoto hawezi kutoka, lakini na yeyote mwenye nia mbaya aliyemo ndani naye hatoki. Wote wanatumia lifti zilezile na ngazi zilezile kwa wiki nzima. Tena hebu tuangalie ukubwa wa kitu hicho kilichofungwa. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina sitaha 20 na inaweza kuchukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Hata meli yenye nusu ya watu hao ni mji mdogo, na ni mji ambao majirani wake hubadilika kila wiki, kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kusema, "Yule mtoto wa fulani anafanya nini huku saa hizi?" Yule bwana wa kwenye lifti huenda alikuwa mtu mwema aliyetaka kusaidia. Lakini mwanao hakuwa na njia ya kujua hivyo, na wewe pia hukuwa nayo.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe, na hapa, kwa heshima zote, mimi na mama mkwe wako hatukubaliani. Chumba cha watoto katika meli inayoendeshwa vizuri ni miongoni mwa sehemu zenye macho mengi zaidi melini. Kina mlango wenye dawati na mtu, kina kamera zinazorekodi, na mara nyingi kina kioo kinachomwezesha mpita njia kuona ndani. Walezi hufanya kazi wawili au zaidi kwa pamoja, na kanuni ya msingi ya malezi ya aina hii ni kwamba mtu mzima mmoja asijitenge na mtoto mmoja mahali wasipoonekana. Katika kampuni nyingi mlezi wa chumba hicho haruhusiwi kumsaidia mtoto chooni wala kumbadilisha nepi, ndiyo maana masharti yao husisitiza kwamba mtoto awe ameshaacha nepi, na suruali ikilowa mzazi hupigiwa simu aje mwenyewe. Wapo wazazi wanaonung'unika kwa kukatizwa chakula kwa ajili hiyo. Mimi simu hiyo naipenda sana, kwa maana inanionyesha kwamba kanuni inafuatwa hata pale inapomkera mteja.

Kwa hiyo kitindamimba wako mwache, lakini kwanza usimame mlangoni kwa dakika kumi jioni ya kwanza, wakati wazazi wanapokuja kuwachukua watoto wao kwa wingi, uangalie wanavyokabidhiwa. Je, mlezi anatazama uso na picha iliyo kwenye skrini, au anasikia tu neno la siri ambalo mzazi aliliandikisha na kumwachia mtoto? Je, anamwita mtoto kwa jina na kungoja aje, au mlango umeachwa wazi na watoto wanapenya chini ya mikono ya watu wazima? Siku ya pili mtume mumeo aende kumchukua mtoto akijifanya amesahau neno la siri. Wakimkatalia, washukuru, wakimpa mtoto kwa sababu ni mcheshi, mwondoe mtoto hapo na umwone msimamizi wao siku hiyohiyo.

Utasikia pia kwamba walezi wote wamechunguzwa rekodi zao za uhalifu. Ni vyema wachunguzwe, na usisite kuuliza, ila ujue uchunguzi huo unaweza kukwambia nini na hauwezi kukwambia nini. Wafanyakazi wa meli moja hutoka nchi nyingi, rekodi za nchi hizo hazilingani kwa ubora, na karatasi safi maana yake ni kwamba mtu huyo hajawahi kukamatwa na kuhukumiwa mahali palipotafutwa. Kwa sababu hiyo mimi naupima mpango wa watoto kwa jinsi kazi yake ilivyopangwa. Mahali ambapo hakuna mlezi anayeweza kupata nafasi ya faragha na mtoto, hata karatasi iliyodanganya inapungukiwa na madhara.

Tena kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Nchi kavu, kituo cha kulelea watoto kwa kawaida huwa na mamlaka ya serikali inayokipa leseni na kukikagua. Meli iliyo bahari kuu hufuata sheria za nchi ambayo bendera yake inapeperushwa, na meli nyingi za kitalii zimesajiliwa katika nchi kama Bahama, Panama au Malta. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule unaojulikana kama SOLAS, unashughulikia moto, mashua za kuokolea na majaketi, wala haupangi sifa za mlezi wa watoto. Unaagiza kwa mfano kwamba meli iwe na majaketi ya kuokolea maisha ya ukubwa wa watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikihitajika ili kila mtoto apate lake. Kwa meli zinazotia nanga Marekani kuna pia ukaguzi wa usafi wa idara ya afya ya nchi hiyo, CDC, ambao huingia hadi kwenye vyumba vya watoto kuangalia vyoo na mahali pa kunawia mikono; alama hutolewa kati ya 100, meli yenye 85 au chini yake huhesabiwa imeshindwa, na matokeo hutangazwa kwa umma. Lakini mkaguzi huyo anatafuta vijidudu, hampimi mlezi. Basi kanuni za malezi utakazozikuta ni zile ambazo kampuni imejiwekea, na una haki ya kuomba kuzisoma zikiwa zimeandikwa. Kampuni inayokutumia kijitabu cha picha za watoto wanaocheka badala ya kanuni hizo imeshakujibu.

Nje ya mlango ule ndiko ninakotaka upeleke wasiwasi wako. Mwaka 2024, mhudumu wa kusafisha vyumba katika meli moja kubwa alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 30 baada ya kuficha kamera kwenye vyoo vya vyumba vya abiria na kuwarekodi, wakiwemo watoto. Hayo yalitokea katika vyumba ambavyo wazazi walidhani wako peke yao. Sikuelezi haya ili usilale. Nakueleza ili usidhani kwamba mtoto akishatoka kwa walezi na kufungiwa chumbani kwenu basi ameingia kwenye usalama. Usimwache mtoto chumbani peke yake. Mfanyakazi yeyote, awe mpole namna gani, akijitolea kukulindia watoto chumbani baada ya saa zake za kazi, mkatalie na uwaarifu wakuu wake, kwa kuwa mpango halali wa ulezi huombwa kwenye dawati na kuandikwa. Viti vya roshani navyo viweke mbali na kizuizi tangu siku ya kwanza, kwani mtoto wa miaka minne hupanda chochote.

Bwawani vilevile usikae ukidhani kuna anayekuangalizia. Baadhi ya kampuni zimeweka waokoaji kwenye mabwawa yao, lakini meli nyingi bado zina kibao tu kinachosema kwamba kila mtu anaogelea kwa hatari yake mwenyewe, na chumba cha watoto kwa kawaida hakiwapeleki watoto majini.

Nije kwa binti yako, ambaye kwenye barua yako umempa sentensi moja, na mimi namwona ndiye anayehitaji mazungumzo marefu kuliko wote. Klabu ya vijana wa miaka 13 hadi 17 haifanani na chumba cha watoto ila kwa matangazo. Kijana huingia na kutoka anavyotaka, hakuna anayemkabidhi kwa mtu, na walezi waliopo wanasimamia muziki na michezo. Hawawajibiki kujua aliyeondoka saa tatu ameondoka na nani. Humo wamo wavulana wa miaka 17 ambao familia yako haiwajui na haitawaona tena baada ya Jumamosi. Siku ya kwanza watoto hawa hawajuani, siku ya tatu ni marafiki wa kufa na kuzikana, na ifikapo usiku wa mwisho kuna anayesema, "Twende chumbani kwetu, wazazi wangu wako kwenye maonyesho."

Usimkataze kabisa, maana atakaa nawe mezani amekununia, na utamnyima wenzake wa rika lake bila sababu ya kutosha. Aende, lakini kwa masharti atakayoyarudia kwa kinywa chake mwenyewe mbele yako: haingii chumba cha mtu yeyote wala hamkaribishi mtu chumbani kwenu, hata kama ni msichana mwenzake, hata kama ni dakika moja ya kuchukua chaja, hapokei kinywaji ambacho hakukiona kikifunguliwa, akitoka klabuni anakuja mlipo ana kwa ana, kwa kuwa ujumbe wa simu melini hutegemea intaneti ambayo mara nyingi haishiki, na saa ya kurudi ni ile mnayoipanga nyinyi. Klabu kufungwa saa saba usiku ni habari ya klabu. Kwa umri wake mimi ningesema saa nne, na mumeo ndiye aende kumchukua akasimame mlangoni. Ataona aibu, na hiyo aibu wacha aione. Mweleze pia, kwa maneno ya wazi na si ya kuzunguka, kwamba mfanyakazi wa meli anayemtaka wakutane faraghani anavunja masharti ya kazi yake, na kwamba akija kukuambia hutamgombeza hata kama yeye ndiye aliyeanza kutabasamu.

Kuhusu mzio wa mdogo, usitegemee fomu ya intaneti, kwani umeshaona inavyojazwa. Mtafute msimamizi, mwambie kwa mdomo, na umwulize maswali matatu: sindano ya adrenalini itakaa wapi, ni nani kati ya walezi wa zamu hiyo anayejua kuitumia, na je, wanaruhusiwa kuitumia, au kanuni yao inawataka wawapigie matabibu wa meli na kungoja? Kampuni nyingi hukataza walezi kutoa dawa za kawaida, na katika dharura kila kampuni ina utaratibu wake. Jibu likiwa la kusitasita, mtoto huyo asile chochote humo, na muda wake wa kukaa uwe kati ya milo. Akitapika au kuhara, usimfiche ukamrudisha klabuni. Norovirusi husambaa haraka katika chumba cha namna hiyo, na dawa ya kupaka mikononi haiiwezi kama sabuni na maji.

Kuna swali moja ambalo wazazi wachache huliuliza kabla ya king'ora kulia. Ishara ya dharura ni milio saba au zaidi mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Ikisikika wakati watoto wako klabuni, je, walezi watawaleta kwenye kituo chenu cha kukusanyikia, au watawangoja mje kuwachukua? Meli hazifanani katika hili, na familia isiyojua itajikuta ikipanda ngazi wakati watoto wanateremshwa kwa ngazi nyingine. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 zoezi lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Lifanyeni na watoto, na mhakikishe herufi au namba ya kituo iliyoandikwa kwenye bangili ya kila mtoto inalingana na ya kwenu. Na siku za bandarini msiteremke wawili mkawaacha watoto klabuni, hata kama klabu inaruhusu. Meli huwa haiwangoji waliochelewa.

Likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, usimalizane na mlezi wala usikubali kungoja hadi asubuhi. Waite maafisa usalama na matabibu wa meli, andika saa na majina, wala usimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake kabla hajaonwa na daktari. Mwombe ofisa usalama kwa maandishi azihifadhi picha za kamera, kwa sababu picha hizo hufutika kadiri mpya zinavyorekodiwa. Kama meli yenu inapakia au kushusha abiria Marekani na inaweza kubeba abiria 250 au zaidi, inabanwa na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2010, inayoitaka iripoti tuhuma za makosa makubwa, yakiwemo ya kingono, kwa FBI, yaani idara ya upelelezi ya Marekani, iwe na matabibu na vifaa vya kuchukua ushahidi, na impe aliyedhurika njia ya faragha ya kuwasiliana na vyombo vya sheria. Kama inasafiri kwingine, waulize kabla ya safari ni polisi wa nchi gani wanaopokea malalamiko, na uiweke namba ya ubalozi wenu kwenye simu.

Mumeo hukumweleza kama mtu mbaya, nami simwoni hivyo. Ni mtu aliyechoka aliyejaza fomu ndefu usiku. Fomu ya safari hii bado inaweza kurekebishwa kwenye dawati la klabu siku ya kupanda. Nendeni wote wawili, mwombeni mlezi awageuzie skrini kama yule wa mwaka jana alivyokugeuzia, msome jina la kila mtoto na kila alama iliyowekwa mbele yake, ndipo mdogo avue viatu aingie.

Shangazi